Breki ya Mzee Mpima

Jumatano asubuhi pikipiki ya Mzee Mpima ilirudi gereji kwa mara ya tatu. Safari hii mzee hakuiegesha pembeni akaanza kusalimia, kama ilivyokuwa kawaida yake. Alipita mbele ya gereji, akageuza kwenye kona, akarudi kwa mwendo wa taratibu, na alipofika usawa wa mlango akakanyaga breki ya mguu na kubana ya mkono kwa mpigo mmoja.

Mtoto aliyebebwa mgongoni na mama mmoja mpita njia aliangua kilio. Kijana wa kutengeneza simu, kibanda cha pili, alifumba jicho moja na kukunja shingo kama mtu aliyeng'ata limau. Fundi alikuwa amechuchumaa mlangoni na spana mkononi, akayaona yote hayo. Alichokisikia yeye ni mngurumo wa injini tu, mnene na wa kupendeza, kisha injini ikazimwa.

"Umesikia?" Mzee Mpima aliuliza.

"Nimesikia, mzee," fundi alisema.

Uongo huo ulimtoka upesi kwa sababu alikuwa ameuzoea. Mtaa mzima ulimwita Fundi Sikio. Kwa miaka ishirini na mbili watu walimletea pikipiki, na yeye, kabla hawajazima injini, alikwisha kuwaambia ni valvu ipi imelegea na ni nati ipi haikukazwa. Lakini injini zile zile na mashine ya kusagia vyuma zilikuwa zimemla polepole. Sasa ulikuwa karibu mwaka mzima tangu sauti nyembamba zianze kumpotea, moja baada ya nyingine. Ulianza mlio wa simu, wakafuata ndege wa alfajiri. Sauti nene alizipata. Wanaume aliwasikia bila taabu. Wanawake na watoto aliwasikia nusu, na wakimpa mgongo hakuwasikia kabisa. Hakuna aliyejua. Hata mkewe hakujua.

"Mara ya kwanza uliniambia ni vumbi," Mzee Mpima alisema, akishuka. "Nikakubali. Mara ya pili ukaniambia viatu vya breki vimeota ung'avu. Nikakubali. Juzi nimekwenda msibani. Nimesimama mlangoni na hii pikipiki, waombolezaji wote wakanyamaza wakanigeukia mimi. Shemeji yangu ananiambia imelia kuliko wafiwa."

Fundi hakujua acheke au aombe radhi, akafanya yote mawili nusunusu.

Mzee Mpima alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa kunyoosha mambo. Pikipiki ile aliinunua kwa mishahara yake ya kwanza, na sasa ilikaribia miaka hamsini. Tangi lake la kijani alilisugua mwenyewe kila Jumapili. Vipuri vyake havikuwa vikitengenezwa tena popote, na kila aliyekuwa na ya aina hiyo alikuwa ameshaiuza kwa chuma chakavu isipokuwa yeye.

"Mpwa wangu, yule meneja wa kiwanda cha mikate, anakuja Jumamosi saa nne," alisema. "Ana pikipiki kumi na nane za kusambazia mikate na hana fundi. Nimemwambia mimi ninaye. Nimeweka jina langu hapo, unanielewa? Akija akakuta ya mjomba wake inapiga mayowe, nitamwambia nini?"

"Jumamosi haitalia, mzee."

"Jumamosi," mzee alirudia, akaenda zake kwa miguu.

Kulikuwa na swali moja ambalo fundi alitaka kumuuliza, likamfika kooni likarudi. Lilikuwa swali dogo: mlio unatoka gurudumu gani. Lakini mtu anayeitwa Sikio haulizi mlio unatoka wapi. Alikumbuka jinsi mguu wa mzee ulivyoshuka kwa nguvu kwenye pedali. Akaikokota pikipiki ndani na kuanza, kwa mara ya tatu, kufungua gurudumu la nyuma.

Nyumbani kwake palikuwa mwendo wa dakika tano. Vilikuwa vyumba viwili na kibaraza, na kibarazani mkewe alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga. Watoto wao wawili, mapacha, walikuwa bweni, na ndiyo sababu mtaani waliitwa Baba Mapacha na Mama Mapacha.

Mama Mapacha alikuwa na wiki tatu za kusema maneno machache. Mwezi uliotangulia, akiwa anapiga pasi na mgongo ameuelekeza kwa mumewe, alimwambia kwamba Ijumaa kuna kikao shuleni. Pacha mmoja alikuwa amepigana, na mwalimu mkuu alisema safari hii baba lazima aje mwenyewe. Mumewe alijibu, "Hakuna shida." Ijumaa ilipofika akaenda gereji kama siku zote. Mama Mapacha alikaa peke yake mbele ya meza ya mwalimu mkuu, kiti cha pembeni kitupu, na mwalimu mkuu akamuuliza kwa upole kama baba wa watoto bado yupo hai.

Tangu hapo alianza kuhesabu. Aligundua kwamba "hakuna shida" ndilo jibu la mumewe kwa kila kitu. Bomba limepasuka, hakuna shida. Mama yake anaumwa, hakuna shida. Alipomweleza dada yake, dada yake alisema, "Mwanaume asiyejibu nyumbani, kuna mahali anapojibu." Neno hilo lilimwingia likakaa.

Jioni ile ya Jumatano alimwekea chakula mezani, akarudi hadi mlangoni, akauliza kutoka huko, "Shati lako jeupe nilifue kwa ajili ya Jumamosi?"

Fundi aliona kivuli chake kikitikisika. "Hakuna shida," alisema.

"Hakuna shida nifue, au hakuna shida nisifue?"

Fundi aliendelea kutafuna. Mama Mapacha alifuta mikono kwenye kanga yake ingawa ilikuwa mikavu, akatoka. Fundi alihisi hewa ya chumba imeharibika, kama mtu anavyohisi kuna kitu kimeungua jikoni, asijue ni nini. Alimaliza kula akatoka kibarazani akasimama karibu naye. Mama Mapacha alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi, na yeye hakusikia tofauti yoyote.

Alhamisi asubuhi gurudumu la nyuma lilikuwa tayari. Alikuwa ameosha kila kitu, amepiga msasa, amebadilisha springi. Lililobaki ni kujaribu, na hapo ndipo palipomtia jasho. Breki iliyonyamaza na breki inayolia, kwake zote zilikuwa sawa.

Akabuni njia yake. Aliiendesha pikipiki polepole barabarani, akawa anafunga breki mbele ya watu na kutazama nyuso zao. Mng'arisha viatu hakuinua kichwa, fundi akapumua. Mbele kidogo wasichana wawili walicheka wakiwa wanamtazama, moyo ukamruka. Kinyozi alitoka mlangoni akitikisa kichwa. Alikuwa anatikisa kwa sababu ya breki? Au kuna mteja amemuudhi? Fundi aligeuza shingo kumwangalia tena, na huku shingo imegeuka akakata kulia bila kutazama nyuma.

Muuza mayai mwenye baiskeli alikuwa anamjia kwa upande huo. Alimkwepa, gurudumu likaingia kwenye mfereji, na mtu na baiskeli na mayai vikalala chini.

"Nimepiga kengele tangu kwenye nguzo ile ya umeme," muuza mayai alisema, akijiinua. Hakupaza sauti, na hilo lilimuumiza fundi zaidi. Kiini cha yai kilikuwa kinamteremka kwenye suruali. "Nimepiga, nimepiga. Wewe masikio yako ni ya mapambo?"

"Na ndiye Fundi Sikio huyo," mtu mmoja alisema kwa nyuma, na watu wakacheka. Sauti hiyo ilikuwa ya kiume, nene. Aliisikia yote.

Trei mbili zilikuwa zimevunjika. Fundi alipekua mifuko yake mbele ya macho ya watu, akapata sarafu, misumari miwili na kipande cha msasa. "Nenda nyumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Nyumba yenye cherehani kibarazani. Mwambie mama akulipe."

Mama Mapacha alimlipa kwa fedha aliyokuwa ameiweka kando ili anunue vifungo. Akampa na kitambaa ajifute suruali. Muuza mayai alijifuta, akarudisha kitambaa, lakini hakuondoka.

"Mama, mimi sina ugomvi," alisema. "Ila mumeo apelekwe akaangaliwe. Mtu ukimpigia kengele kwa nyuma, hata akiwa mbishi namna gani, bega hushtuka. Lake halikushtuka. Nililiangalia."

Alipokwisha kwenda, Mama Mapacha alikaa mbele ya cherehani na mguu haukukanyaga. Bega. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alimwita mumewe kwa nyuma na bega likashtuka. Akainuka, akaliacha shati la shule chini ya sindano, mkono mmoja umeshonwa na mwingine bado, akaenda gereji.

Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo mlangoni, anapiga tupa kipande cha chuma. Mama Mapacha alisimama hatua tano nyuma yake.

"Baba Mapacha," aliita.

Tupa ilikwenda, ikarudi.

"Baba Mapacha, nyumba inaungua."

Tupa ilikwenda, ikarudi. Mama Mapacha alikaza macho kwenye bega lile, shati lililofifia, mshono alioushona yeye mwenyewe.

"Watoto wamo ndani," alisema, ingawa watoto walikuwa bweni.

Bega halikusogea. Akaegemea mlango. Kitu cha kwanza alichohisi kilikuwa nafuu kubwa: kumbe hakudharauliwa. Hakukuwa na mwanamke. Kisha aliionea aibu nafuu ile, kwa sababu iliyokuja nyuma yake ilikuwa hofu. Fundi asiyesikia injini. Wataishi vipi?

Alizunguka hadi mbele yake. Fundi akashtuka. "Umefika saa ngapi? Hata hodi hubishi."

"Nimekuambia nyumba inaungua."

Tupa ilimdondoka. Alikuwa ameshasimama na amefika mlangoni, anatazama juu ya mapaa upande wa kwao, Mama Mapacha alipomshika mkono wa shati.

"Haiungui. Kaa."

Fundi alikaa. Mkewe alivuta tairi kuukuu, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane.

"Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Usinifanyie hivyo. Nimesimama pale mlangoni nimekuambia nyumba inaungua na watoto wamo ndani. Ukaendelea kupiga tupa."

Fundi aliokota tupa, akaifuta, akaiweka chini tena. "Tangu mvua za mwaka jana," alisema.

"Na mimi? Mimi pia hunisikii?"

"Wewe hasa. Sauti yako ni nyembamba. Katika watu, wewe ndiye uliyeanza kupotea." Alikuwa anatazama mikono yake. "Nikikuona mdomo nakupata. Ukigeuka, unaondoka."

Mama Mapacha alimgusa goti ili ainue macho. "Nilidhani unanidharau. Nimemwambia dada yangu una mwanamke."

"Mwanamke gani atanitaka, nisiyemsikia hata akinitukana?"

Mama Mapacha hakutaka kucheka, lakini kicheko kilimponyoka, na machozi yakapitia mlango huohuo. Alijifuta kwa ncha ya kanga. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungenituma hospitali. Ningekwenda, watu wangeniona. Fundi Sikio yuko benchi la wagonjwa wa masikio. Nani angeniletea pikipiki tena?"

"Mficha uchi hazai."

"Sisi tulishazaa," fundi alisema. "Mapacha."

Safari hii walicheka wote, lakini si kwa muda mrefu. Macho ya Mama Mapacha yalikuwa yameifikia pikipiki ya kijani.

"Hiyo ndiyo inayolia?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe ukiipanda husikii chochote?"

"Sisikii."

Mama Mapacha alisimama, akajikung'uta vumbi, akafunga kanga vizuri kiunoni. "Basi nipakie," alisema.

Ijumaa asubuhi walitoka mapema kwenye barabara ya nyuma ya maghala, ambako magari ni machache. Walikubaliana hivi: breki ikilia, kofi begani. Ikinyamaza, asifanye chochote. Mama Mapacha alikaa upande mmoja, uzi mweupe bado umening'inia shingoni, mkono mmoja kiunoni mwa mumewe.

Fundi alikanyaga breki ya mguu. Hakuna kofi. Akakanyaga tena, kwa mwendo mdogo, kisha kwa mwendo mkubwa. Hakuna. Alianza kuamini kwamba kazi ya jana ilikuwa imekubali, akageuza kurudi. Kwenye kona mkokoteni wa mchanga ukachomoza ghafla. Alikanyaga na kubana vyote kwa pamoja, na kofi lililompata begani lilitaka kumtoa kwenye usukani.

Alisimamisha. Akaanza upya. Mguu peke yake: kimya. Mkono peke yake: kofi. Mguu: kimya. Mkono: kofi.

Alizima injini, akashuka, akakaa kwenye ukingo wa barabara.

"Ni ya mbele," alisema.

"Ndiyo hiyo. Inatokea huku mbele."

"Mara tatu nimefungua gurudumu la nyuma. Inawezekana tangu mwanzo halikuwa na kosa lolote."

"Na mzee hakukuambia ni ipi?"

"Sikumuuliza."

Mama Mapacha aliutazama uso wa mumewe, akampa mkono ainuke.

Walirudi wakafungua gurudumu la mbele. Ndani ya ngoma ya breki mlikuwa na vumbi jeusi la miaka. Viatu vya breki, vile vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga vinavyotanuka na kuibana ngoma kwa ndani, vilikuwa vinang'aa kama meza iliyopigwa vanishi. Fundi alilowesha vumbi kwa maji ya sabuni ili lisiruke, akaosha, akapiga msasa mpaka ung'avu ukatoka, akachonga kwa tupa ncha zile zinazotangulia kugusa ngoma ili zisiing'ate. Alifanya yote hayo upesi na vizuri. Mkewe, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kukaa akamtazama akifanya kazi, alishangaa jinsi mikono ile isivyotafuta kitu; ilikwenda tu ikakuta.

Wakatoka kujaribu. Kofi.

Wakarudi wakafungua, wakasugua ngoma yenyewe. Wakatoka. Kofi tena, dogo zaidi.

"Ni mwishoni tu," Mama Mapacha alieleza, amesimama mbele yake ili auone mdomo. "Unapokaribia kusimama. Kama mlango usiotiwa mafuta."

Jua lilikuwa limepanda. Fundi aligusa vile viatu vya breki akijua kwamba hakuna vingine duniani. Akivisaga zaidi vitakwisha. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Wakati huo alipita Chapuchapu, fundi kijana mwenye gereji ya ng'ambo ya barabara, akasimama kumtazama Mama Mapacha aliyepakaa grisi mpaka kwenye kiwiko.

"Mzee umeajiri?" aliuliza.

"Ndiyo," Mama Mapacha alijibu. "Unatafuta kazi?"

Chapuchapu alikwenda zake. Fundi hakuwa amesikia jibu, lakini aliona mgongo wa kijana ulivyoondoka, akafurahi kidogo. Aliinama, akaweka kiganja kwenye bomba la mbele linaloshika gurudumu. "Lizungushe," alimwambia mkewe, "halafu bana breki polepole." Mama Mapacha alizungusha, akabana. Na pale, chini ya ngozi ya kiganja, fundi akaupata: mtetemo mwembamba kama nzi aliyenaswa kwenye karatasi. Ulikuja, ukapotea, ukaja tena, mara moja kila mzunguko.

"Havikai katikati," alisema polepole. "Kimoja kinatangulia kugusa."

Alilegeza nati ya ekseli. "Bana breki kwa nguvu zako zote. Usiachie mpaka nikuambie." Kwa kubanwa vile, viatu vilijipanga vyenyewe ndani ya ngoma, na hapo hapo, breki ikiwa bado imeshikwa, akaanza kukaza nati.

"Mkono unaniuma."

"Usiachie."

"Baba Mapacha, unaniuma kweli."

Alikuwa ameinama, hakuuona mdomo wake. Mama Mapacha alishikilia kwa mikono miwili, akauma midomo, mpaka mumewe alipoinua kichwa.

Wakatoka tena barabara ya maghala. Fundi alibana breki ya mkono. Hakuna. Akabana tena, na tena, kwa mwendo wa kila namna. Mara ya tano akasimama akageuka nyuma, uso umejaa mashaka.

"Mbona hunipigi?"

"Nikupige kwa kosa gani?"

Jumamosi saa nne kamili Mzee Mpima alifika na mpwa wake. Meneja alikuwa mtu wa miaka kama arobaini, shati limenyooka, simu mbili mkononi. Alikuja na dereva wake, aliyepanda moja ya zile pikipiki kumi na nane. Mama Mapacha alisimama mlangoni, akawaamkia wageni, akabaki pale pale. Usiku uliopita walikuwa wamepanga: wakiulizwa habari ya mlio wowote, yeye atashika sikio kama upo.

Mzee Mpima aliipanda pikipiki yake, akaenda mpaka kona, akarudi, akabana breki zote mbili. Ilisimama kama mtu anayekaa kwenye kiti laini. Kijana wa simu hakuinua hata kichwa. Mzee alishuka taratibu, akamtazama mpwa wake, na kidevu chake kikapanda.

"Nilikwambia," alisema.

"Safi sana," Meneja alisema. "Sasa fundi, na hii yetu. Kuna kelele inatoa, mimi siielewi. Hebu sikiliza." Akamwashiria dereva, naye akawasha na kuongeza moto.

Fundi alisikia injini nzuri, nzito, isiyo na kosa. Aliwatazama. Wote watatu walikuwa wanamtazama yeye. Mlangoni Mama Mapacha aliinua mkono, akashika sikio.

Kwa hiyo mlio ulikuwepo. Angeweza kusema nimesikia, ilete Jumatatu. Maneno yalikuwa yameshapanga mstari mdomoni. Lakini Jumatatu ingefuatwa na Jumanne, na pikipiki zilikuwa kumi na nane, na mkewe hawezi kusimama mlangoni ameshika sikio maisha yake yote. Mkono wake ulikuwa bado juu, na kidole kimoja alikuwa amekifunga kitambaa, kwa sababu ya kushikilia breki jana.

"Mimi siisikii," fundi alisema.

Meneja alidhani hakuelewa. "Husikii nini?"

"Hiyo kelele. Sauti nyembamba zimenipotea, karibu mwaka sasa. Nene nazisikia. Lakini niachie niweke mkono."

Bila kungoja jibu alichuchumaa, akapitisha kiganja kwenye injini huku ikiunguruma, kama mtu anayempima mtoto homa. Alipofika kwenye kifuniko cha mnyororo alisimama, akakandamiza.

"Imeacha," dereva alisema.

Fundi aliinua macho kumtazama mkewe. Mama Mapacha alikuwa ameshusha mkono.

"Skrubu mbili zimelegea," fundi alisema. "Si tatizo kubwa."

Injini ilizimwa. Mzee Mpima ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake ilikuwa kavu.

"Mara tatu nimekuuliza kama umesikia. Mara tatu umeniambia umesikia."

"Niliona haya, mzee. Nisamehe."

"Uliona haya. Na mimi kule msibani niliona nini?" Alivuta pumzi. "Neno moja tu. Mzee, mbele au nyuma. Ningekujibu. Ningekuheshimu vilevile."

Mzee alitoa malipo yake, akayahesabu, akayaweka juu ya kisanduku cha spana badala ya kumpa mkononi, akapanda pikipiki yake akaondoka. Hakuaga. Kwenye kona alifunga breki, na mtaa ukabaki kimya.

Meneja alikuwa bado anageuzageuza simu zake. "Pikipiki zangu zinabeba vijana," alisema mwishowe, kisha akaona aibu, akaongeza sauti na kutamka kila neno peke yake, kama watu wanavyosema na mgeni asiyejua lugha. "Zote, siwezi, kukupa."

"Nakusikia, bwana. Sauti yako ni nene."

Meneja alicheka kidogo. "Nitakuletea sita, mwezi mmoja, tuone. Lakini kila ukimaliza, mtu mwingine azijaribu barabarani kabla hazijarudi. Sitaki uniambie umezijaribu mwenyewe." Akaangalia ng'ambo ya barabara, kwenye gereji ya Chapuchapu. "Hizo kumi na mbili nitaona."

Dakika chache baadaye walimwona akivuka.

Kabla ya saa nane habari ilikuwa imefika kila mahali. Mteja mmoja alikuja kuchukua pikipiki yake ambayo haijamalizwa, akasema ana haraka. Kinyozi alipita akapunga mikono yote miwili kwa salamu kubwa ya ajabu. Fundi naye akampungia. Aliendelea na kazi mpaka saa kumi na moja, kama siku nyingine, kisha akafunga.

Jioni, kabla ya chakula, Mama Mapacha aliwasha taa, akaisogeza mpaka mwanga ukamwangukia usoni, akaleta kigoda akakaa mbele ya mumewe. Jumatatu wangekwenda hospitali, shauri hilo lilishakatwa. Alikuwa na jambo lingine.

"Nina maneno yako," alisema. "Ya mwaka mzima. Nilikuwa nayasema kwa mgongo wako. Nimeyakumbuka saba."

"Saba tu?"

"Saba makubwa. Kaa vizuri."

Akaanza. Alimwambia habari ya kikao cha shule, na kiti kitupu, na swali la mwalimu mkuu. Fundi aliinamisha kichwa. Mama Mapacha akamshika kidevu akakiinua, kwa sababu akiinama hasikii. Alimwambia kwamba mama yake aliumwa wiki mbili na akamngoja mkwewe aje kumtazama. Alimwambia kwamba yule pacha aliyepigana, alipigania jina la baba yake. Alimwambia kwamba aliwahi kuogopa usiku mmoja, bila sababu, akamwamsha kwa kumwita, naye akaendelea kulala. Fundi aliyatazama maneno yale yakitoka mdomoni mwake moja moja, na kila moja aliliomba radhi peke yake, mpaka mkewe akamwambia aache, watalala na njaa.

La tano na la sita yalikuwa madogo, ya bomba na ya jirani.

"Na la saba?" fundi aliuliza.

"La saba silirudii."

"Kwa nini?"

"Nililisema siku ile nimetoka shuleni. Ulikuwa unakula. Nilisimama nyuma yako nikalisema lote, kwa hasira, mpaka mwisho. Hilo mshukuru Mungu hukulisikia."

"Niambie."

"Sikuambii."

"Mama Mapacha, nimekaa hapa nimepokea sita."

Mama Mapacha alikivuta kigoda karibu. Kisha akaifunika midomo yake kwa kiganja, akamtazama machoni, na nyuma ya kiganja kile akalisema lote tena, taratibu, mpaka mwisho. Fundi hakusikia kitu. Aliona tu mabega ya mkewe yakianza kutikisika, na macho yake yakijaa kicheko, na yeye mwenyewe, asijue ametukanwa nini, akaanza kucheka.